Maman Veterineri na Sala ya Macho Wazi

Maman Veterineri alikuwa akisali macho wazi, na ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwa hasira kabisa kwamba mbuzi mmoja wa kijijini Rwimbogo alikula Zaburi zake. Si utani! Siku hiyo alifumba macho kumwombea mama mmoja mwenye shida za ndoa, Biblia akaiacha juu ya kiti, na mbuzi aliyeletwa kudungwa sindano akaziona zile karatasi nyembamba, akazipenda. Mpaka Amina inasemwa, kurasa kumi na mbili zilikuwa zimeshamezwa, na mbuzi mwenyewe anatafuna huku anamtazama.

"Tangu pale," alituambia, "mi naongea na Mungu nikiwa naangalia. Yeye hakasirike. Na mbuzi hainizoeye tena."

Jina lake nalijua. Nyakarenzo nzima, kijijini kwao, inalijua. Lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Kwa watoto alikuwa Maman Veterineri, kwa mchungaji pia, na hata mumewe, siku akimtafuta, alisimama barabarani akauliza watu kama wamemwona Maman Veterineri. Alikuwa mnene kiasi, mfupi, buti za mpira miguuni kiangazi na masika, na begani amening'iniza kile kisanduku cha barafu cha kubebea chanjo. Ukiona kisanduku kinakuja juu ya kilima, ulijua mwenyewe yuko chini yake.

Mimi naye tulikutana kazini. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, hapo Kamembe, kazi yake kusambaza vifaranga kwa vyama vya akina mama wafugaji. Yeye ndiye alivichanja na kuvifuatilia vijijini. Mimi nilipanga safari: gari lipi, siku ipi, kijiji kipi. Kwa sababu hiyo akaniita Lojistiki, na mpaka leo kuna watu wilayani kwetu Rusizi wanaodhani ndilo jina nililobatizwa nalo.

Niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe, maana bila huo hamtaelewa kwa nini nampenda hivi. Nilizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nikarudi huku na wazazi nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, na ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza yenye meza. Mama yangu alisimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe sasa ni mtu wa ofisi. Kanisa likapiga makofi. Basi! Kuanzia hapo nilikuwa nabeba makofi ya kanisa zima mgongoni. Ndani ya miezi mitano nikakosea mara mbili. Kwanza nilipeleka majogoo matupu kwa akina mama walioagiza kuku wa mayai. Halafu nikapeleka gari kwenye kilima kisicho chenyewe, na kilima chenyewe kikabaki kinangoja hadi jioni.

Direkta wetu alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Aliniita, akaniangalia, akasema: "Kosa la tatu, unarudisha ufunguo wa ofisi." Akaendelea kuandika.

Jamani, nilikoma. Nilikuwa nakagua orodha mara nane, na ya nane ndiyo iliyonichanganya. Simu ikilia, moyo unaruka. Isipolia, unaruka zaidi. Nilianza kuuchukia ule ufunguo mfukoni.

Maman Veterineri aliliona hilo kabla sijamwambia mtu. Siku moja alinikuta nyuma ya ghala nimeshika kichwa, akageuza ndoo, akaikalia, buti zake mbili zikatulia chini vizuri.

"Lojistiki, unasali?"

"Nasali sana, Maman."

"Unasemaka nini?"

"Namwambia Mungu nisikosee tena."

Akacheka! Akacheka mpaka kisanduku cha barafu kikatikisika. "Sasa hiyo ni sala ao ni ombi ya kuwa malaika? Wewe uko muntu. Utakosea. Sikia." Akanyoosha vidole vitatu vilivyokuwa na dawa ya zambarau. "Mimi shida ikinikamata kazini, namuuliza Mungu vitu vitatu tu. Ya kwangu ni nini hapa? Ya kwako ni nini? Na naanzia wapi? Halafu nanyamaza. Akishajibu, nasimama."

"Na asipojibu?"

"Nangoja nikiwa nimekaa. Kukaa pia inasaidiaka."

Sikuamini sana. Ilionekana sala fupi mno kwa matatizo marefu kama yangu. Lakini niliijaribu, kwa siri, kabla ya kufungua orodha asubuhi, na siku hizo orodha niliikagua mara nne tu.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Weee! Huyu mama ambaye aliingiza mkono kwenye ng'ombe mzima bila kukunja uso alikuwa anaogopa bata mzinga. Akimwona mmoja, anasimama upande wa pili wa barabara, anatoa maelekezo kwa sauti: "Mumushike! Mumufunge macho! Mi nitafika!" Ijumaa alifunga, hakuna maji hakuna chakula, na kila Ijumaa saa nane harufu ya mandazi ilitoka ndani ya kisanduku cha chanjo. Nilimkamata siku moja, shavu limejaa. Akatafuna hadi mwisho, taratibu, akafuta mdomo, akasema Mungu anajua kwamba leo alitembea vilima vitatu. Katika korali aliimba sauti ya pili ambayo haikuwa ya pili wala ya kwanza. Na uvumilivu aliotuhubiria sisi, yeye mwenyewe aliuacha nyumbani akipanda pikipiki; alimpiga dereva mgongoni kwa ngumi, aongeze mwendo, halafu apunguze, halafu aongeze.

Jambo moja hakulifanya kamwe: kuwaombea kuku. Akina mama walimletea kuku anayesinzia, shingo imelala, wakamsihi aweke mkono juu yake. Alikataa kabisa. "Kuku anapewa chanjo. Ni wewe mwenyewe nitakuombea, ju ulikataa chanjo." Na alimwombea kweli, palepale, mama amesimama na kuku wake kwapani, na akimaliza anamdunga sindano kila kuku wa jirani.

Sasa niwape ile Jumamosi.

Mnajua umuganda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nchi nzima inatoka na majembe na mapanga kufanya kazi ya pamoja, na kuanzia saa mbili hadi saa tano magari yanasimama. Nilijua umuganda vizuri, nilikuwa na malengelenge yake mikononi. Lakini niliujua kwa jembe, sikuujua kwa gari. Kichwa changu cha Bukavu kilikuwa bado kinaona Jumamosi ni siku nzuri ya kusafirisha mizigo, barabara nyeupe, watu wako nyumbani. Nikapanga vifaranga elfu mbili vya siku moja vitoke Kigali, vije moja kwa moja Nyakarenzo, Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mwenyewe. Kwa mkono wangu.

Gari lilipita msitu wa Nyungwe salama, likaingia kwetu, na saa mbili na dakika chache likasimamishwa kando ya barabara, chini kidogo ya kanisa la Nyakarenzo. Mimi nilikuwa nimelitangulia kulipokea. Dereva akashuka, akajinyoosha, akaniuliza: "Si mna ruhusa ya kupita siku ya umuganda?"

Ruhusa gani! Nilihisi damu yote imeshuka kwenye soksi.

Gari la vifaranga likitembea, upepo unapita katikati ya makarto, yale maboksi yao yenye matundu, vinapumua. Likisimama juani, joto linapanda, na vile vya katikati ndivyo vinavyokufa kwanza. Na jua la kiangazi lilikuwa limeshatoka lote. Nilianza kupiga simu. Nikapiga Kigali, hawashiki, nao wako na majembe. Nikapiga kwa rafiki mwenye gari dogo, kama vile gari dogo halisimamishwi! Kwa Direkta sikupiga. Nilitafuta namba yake mara tano, nikaifunga mara tano. Kutoka ndani ya gari sauti za vifaranga zilikuwa zinazidi, nami nilikuwa nazunguka gari nikisema Yesu, Yesu, Yesu, bila kusema nikitaka Yesu afanye nini.

Maman Veterineri akatokea kwenye mfereji waliokuwa wanauchimba, jembe begani, tope hadi magotini. Akaangalia gari. Akaniangalia mimi. Akaninyang'anya simu, akaitumbukiza mfukoni mwake.

"Kaa chini. Miguu yote chini."

"Maman, batoto ba kuku banakufa!"

"Ulishahesabu ngapi?"

"Bado sijafungua."

"Sasa unalilia nani?"

Nikakaa kwenye nyasi. Akakaa kando yangu, macho wazi, anatazama gari, na akaongea na Mungu kwa ile sauti anayoongea nayo na muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: "Mungu, unamuona huyu kijana, anatetemeka. Tuonyeshe ya kwake, uchukue ya kwako, utuambie tunaanzia wapi. Amina." Kisha kimya. Nilidhani dakika nzima ya kimya itaniua. Haikuniua. Pumzi yangu ilirudi mahali pake, na nikaanza kusikia watu wanaimba kule mferejini.

"Jua ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya Mungu."

"Roho ya Direkta?"

"Ya Mungu," nikasema, ingawa hilo sikuliamini.

"Yako sasa?"

"Simu. Kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu." Nikameza mate. "Na makarto. Makarto kwanza."

"Umeshajibiwa. Ao ulingoja malaika akuye na megafone?"

Tukaenda kwa mkuu wa kijiji, ambaye kila mtu anamwita Mudugudu tu. Alikuwa mkali siku hiyo, ana orodha ya waliohudhuria na fimbo ya kupimia kina cha mfereji. "Umuganda ni umuganda, Maman. Gari halitembei."

"Nani amesema litembee? Libaki pale pale. Nipe bantu."

"Wa nini?"

"Tunachimba mfereji, si ndiyo? Mfereji utangoja. Batoto ba kuku ba bamama bako habangoje. Bibi yako ana makarto mawili mule ndani."

Mudugudu alitazama gari. Akatazama orodha. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameshatupa jembe na kuanza kupanda gari bila kungoja mtu. Akapuliza filimbi.

Na hapo ndipo nilipoelewa kitu. Siku nyingine yoyote ya mwezi, saa ile, ningekuta barabarani bibi mmoja na mbwa. Lakini siku ile kijiji kizima kilikuwa nje, kimepangwa, kina nguvu, kina kiongozi mwenye filimbi! Walijipanga mstari kutoka gari hadi mlango wa kanisa, makarto yakapita mkono kwa mkono, nyimbo zikiendelea, na mimi nimesimama juu ya gari natoa, natoa, natoa, nalia na kucheka kwa pamoja kama mtu amerukwa na akili. Madirisha ya kanisa yakafunguliwa yote. Vifaranga vikawekwa juu ya mabenchi, kila mtu na karto lake, bibi wazee wakivipepea kwa vitenge. Kelele iliyotoka mle ndani! Mchungaji, tope usoni, alisema korali haijawahi kumpa sifa kama zile, na Maman Veterineri akajibu kwamba korali haijawahi kupewa maji ya sukari. Alipita benchi kwa benchi akitumbukiza midomo midogo ile kwenye maji, mmoja mmoja, anavisemesha.

Vilikufa saba. Saba kati ya elfu mbili!

Ndipo akanirudishia simu. Nikatoka nje, nikasimama, miguu yote chini.

"Direkta, nilisahau umuganda. Kosa ni langu. Vifaranga viko kanisani."

"Viko wapi?"

"Kanisani, Direkta."

"Vinafanya nini kanisani?"

"Vinakunywa maji."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Jumatatu. Saa mbili. Ofisini kwangu." Akakata.

La tatu hilo. Jumapili nilikwenda kusali kanisani kwa akina Maman Veterineri, Nyakarenzo, badala ya kwetu, maana sikuweza kukaa kando ya mama yangu. Kanisa lilikuwa bado linanuka vifaranga. Baada ya ibada Maman Veterineri akanishika mkono, mkono wake mkavu wenye dawa, akasema: "Leo usiombe kazi. Kazi utaiona kesho. Omba usingizi." Niliomba usingizi, na nikalala saa tisa mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nipewe ule ufunguo.

Jumatatu niliuweka mezani kwa Direkta kabla hajasema neno. Aliuangalia muda mrefu. Akatazama dirishani, muda mrefu pia. Kisha akafungua droo, akatoa kalenda ya mwaka na kalamu nyekundu, akavisukuma kwangu.

"Weka alama kila Jumamosi ya mwisho. Zote. Ubandike mlangoni."

Nikangoja.

"Unangoja nini? Chukua na ufunguo wako."

Nilitoka pale sikanyagi chini. Maman Veterineri alikuwa amekaa ngazini na kisanduku chake, anajifanya amekuja kuchukua barafu. Niliporusha ufunguo hewani, aliruka! Mama mzima, na buti zake, aliruka juu akapiga vigelegele hadi walinzi wa benki jirani wakatoka nje. Mungu amemlainisha Direkta, nikasema. Amemlainisha! Nilitoa ushuhuda huo katika makanisa matatu, na katika kila kanisa vifaranga viliongezeka. Katika la mwisho vilikuwa vimefika elfu tano na mawingu yalikuwa yamefunika jua.

Kazi haikuacha kuwa kazi. Gari likaharibika, ugonjwa ukaingia Rwimbogo, mteja akapiga kelele. Lakini orodha nikawa naikagua mara moja tu, na baada ya miaka nikapewa ghala lote nilisimamie. Direkta akastaafu. Maman Veterineri naye akastaafu, akaenda kuwachosha watu wa kwake nyumbani.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilimkuta uani, miguu peku, na hilo peke yake lilinishtua, sikuwa nimewahi kuona vidole vyake. Hakunitania. Alinipa kiti, akaniletea chai, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Lojistiki, nina kitu. Kimenisumbua sana."

"Sema, Maman."

"Ile karatasi ya ratiba ya mwezi. Unakumbuka ilipitaka kwa nani kabla ya gari kutoka?"

Nilikumbuka. Ilipita kwake, aone siku za chanjo.

"Niliisaini," akasema. "Jumamosi ya mwisho! Na mimi mwenyewe niko kiongozi wa bamama ku umuganda! Nilisaini nikiwa napiga hadithi ya harusi, sikusoma hata mstari. Pale kwenye gari nilikumbuka mara moja. Nikakuuliza wewe, ya kwako ni nini. Ukajibu vizuri. Yangu mimi nikaimeza." Akavuta kiti chake karibu. "Nilibakiza miaka miwili nistaafu. Niliogopa, mwanangu. Nilikuacha uende peke yako."

Sitadanganya, kilinichoma. Nilikumbuka ile Jumatatu, nilivyosimama mbele ya meza ile peke yangu. Naye alikaa tu, macho wazi, ananitazama, hajitetei, na machozi yanashuka kwenye mashavu yale yaliyokuwa yakificha mandazi. Na hapo, Mungu anisamehe, kicheko kilinishika. Kilianzia tumboni kikapanda. Nilimwona tena siku ile na jembe lake, anatangaza kwa ukali ya Mungu ni ipi na ya Lojistiki ni ipi, huku yake ameikalia!

"Usicheke," akasema, naye ameshaanza. "Usicheke! Mpigie Direkta. Sasa hivi. Nataka nimwambie."

"Maman, mzee wa watu amestaafu."

"Mpigie!"

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Direkta akashika, sauti ileile ya shati la pasi. Maman Veterineri akasimama wima mbele ya simu iliyokuwa juu ya stuli, akasema yote, karatasi, harusi, sahihi, bila kupumua. Akamaliza.

"Maman," Direkta akasema, "chini ya sahihi yako kulikuwa na sahihi nyingine. Unaikumbuka?"

Tukatazamana.

"Yangu," akasema Direkta. "Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kusaini. Jumapili yote ile karatasi ilikuwa mezani kwangu. Nilimfukuza huyo kijana mara kumi kichwani, na kila mara nikifika pale chini nakuta jina langu."

Nilipiga kelele. "Direkta! Na mimi nimeshuhudia makanisa matatu kwamba Mungu alikulainisha roho!"

Maman Veterineri alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka. Akakishusha, akajifuta macho, akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyekataa chanjo.

"Sasa wewe," akasema, "ulifikiri Mungu analainishaka roho ya muntu na nini?"